Indie: Muziki Uliozaliwa Nyuma ya Kaunta

Zimbabwe wana muziki wanaouita sungura. Mtu wa huku kwetu akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hudhani ni sadfa ya lugha, kumbe ni sungura huyu huyu wa hadithi za bibi. Alifika kule akiwa amechapwa kwenye ile karatasi ya duara inayobandikwa katikati ya santuri. Sungura lilikuwa jina la lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, ya Phares Oluoch Kanindo, Mkenya aliyesambaza benga na rumba ya Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara. Wanamuziki wa kule walizipenda sahani zile, wakaanza kupiga magitaa kwa mtindo wao, na jina la lebo likahamia kwenye muziki. Hata "kanindo" lilitumika vivyo hivyo. Jina la mfanyabiashara na jina la bidhaa yake yakawa majina ya mlio.

Naanzia huko kwa sababu indie imepita njia hiyo hiyo. Ni neno lililokatwa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea, na mwanzoni halikuwa na habari yoyote na gitaa. Lilitaja nani kalipia studio, nani kapeleka santuri kiwandani, na gari la nani limeifikisha dukani. Leo kijana ukimuuliza indie ni nini atakutajia mlio: magitaa yanayolia kama njuga, ngoma nyepesi, mwimbaji anayeimba kama anajisemea peke yake. Hakosei, maana ndivyo neno linavyotumika sasa. Lakini akiishia hapo amepoteza nusu ya hadithi, na kwa maoni yangu ndiyo nusu inayomhusu zaidi yeye anayerekodi chumbani kwake Tandale au Kayole. Muziki huu hauwezi kueleweka kwa masikio peke yake. Inabidi ufuatwe kwa risiti zake.

Lebo ndogo hazikuanzia Uingereza. Marekani, baada ya vita vya pili vya dunia, lebo kama Chess ya Chicago na Sun ya Memphis ndizo zilizorekodi bluzi na rokenroli wakati makampuni makubwa yaliona muziki wa watu weusi hauna soko la maana. Lakini mwaka 1955 Sam Phillips wa Sun aliuza mkataba wa Elvis Presley kwa kampuni kubwa ya RCA kwa dola 35,000. Alihitaji fedha hizo, na simlaumu. Nachotaka kuonyesha ni kwamba lebo inaweza kuwa ndogo na mwanamuziki akabaki kuwa mali ya mwenye nayo. Udogo wa duka haukufanyi mshirika wa duka.

Kilichokuwa kipya kilitokea Manchester. Tarehe 28 Desemba 1976, siku tatu baada ya Krismasi, vijana wanne wa bendi ya Buzzcocks waliingia studio wakiwa na pauni 500 za kukopa kwa jamaa na marafiki. Walirekodi nyimbo nne kwa saa chache, zikachanganywa siku hiyo hiyo, na mwishoni mwa Januari 1977 zikatoka kwenye santuri ndogo iitwayo Spiral Scratch. Lebo waliianzisha wenyewe kwa kazi hiyo, wakaiita New Hormones. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000. Meneja wao aliwapiga picha kwa kamera ya Polaroid, ile inayotoa picha papo hapo, wakiwa wamesimama kwenye sanamu ya Robert Peel katikati ya jiji, na picha hiyo ndiyo ikawa jalada. Hakukuwa na mpiga picha wa kulipwa.

Hiyo santuri nataka tuitazame kwa karibu. Kwenye jalada, pembeni ya jina la kila wimbo, waliandika ulirekodiwa kwa jaribio la ngapi na kama kuna sauti zilizoongezwa baadaye. Wimbo huu ni jaribio la tatu, hatukuongeza kitu. Ule ni la kwanza, tumeongeza gitaa. Makampuni makubwa yalikuwa yameuaminisha umma kwamba sahani ya muziki ni kitu kinachotoka kwenye ulimwengu mwingine, kazi ya mafundi na mashine ambazo mtu wa kawaida hawezi hata kuziona. Vijana wanne wakaja na kuandika, kwa herufi za kawaida, kazi ilivyofanyika. Ni kama mpishi wa biriani aliyeweka ukutani vipimo vya viungo vyake badala ya kuvificha. Na ndani ya wimbo wao mmoja, unaohusu kuchoshwa na kila kitu, gitaa linapopewa nafasi ya kutamba peke yake linapiga noti mbili tu, linarudia zile zile mbili, mpaka msikilizaji aanze kukosa subira. Wakati huo wapiga gitaa wakubwa wa roki walikuwa wakionyesha ufundi kwa dakika tano, kumi. Noti mbili zile zilimwambia kijana aliyekaa nyumbani kwamba anachokijua tayari kinatosha kuanzia.

Santuri hiyo mwishowe iliuza nakala kama 16,000. Kikubwa zaidi ni waliofuata nyuma yake. Bendi ya Desperate Bicycles ya London ilitoa singo mwaka huo huo wa 1977, na katika toleo lililofuata ikawaeleza wasikilizaji kwamba ile ya kwanza iligharimu pauni 153, ikawahimiza nao wakatoe za kwao. Mwaka 1978 wakaja Scritti Politti, wakafanya jambo ambalo hadi leo nikilifikiria linanigusa. Kwenye jalada lao walichapa mchanganuo wa gharama zote: saa 14 za studio, pauni 98, kutayarisha masta (rekodi mama ambayo nakala zote huchapwa kutoka kwayo), pauni 40, muhuri wa mpira wa kugongea jina kwenye karatasi nyeupe ya katikati ya sahani, pauni 8. Pamoja na gharama za kiwanda, na mahali ambapo kila kazi ilifanyika. Ukinunua santuri ile ulikuwa umenunua wimbo na umepewa njia ya kutengeneza wako.

Nilikutana na picha ya jalada hilo nikiwa mtu mzima, na nililisoma mara tatu. Mwaka 2003 mimi na wenzangu wawili tulirekodi nyimbo nane kwenye studio ya chumba kimoja Sinza. Tulikuwa tumedunduliza mwaka mzima. Tukaenda Kariakoo kwa msambazaji, akatuwekea karatasi mezani, akahesabu fedha mbele yetu mara mbili, tukasaini, tukamwachia masta. Miezi michache baadaye nilipanda daladala ya kwenda Posta nikakuta wimbo wetu unapigwa, konda ananing'inia mlangoni anaimba kiitikio na abiria wawili wanamuitikia. Nilifurahi mpaka nikapitiliza kituo. Halafu furaha ilipopoa nikaanza kujiuliza kanda ile imechapwa nakala ngapi, na imefika miji gani. Sikuwahi kupata jibu, kwa sababu karatasi niliyosaini haikunipa haki ya kuuliza. Kwa hiyo nisomapo jalada ambalo bendi imeandika hata bei ya muhuri wa mpira, najua walivunja ukimya gani. Aliyeficha hesabu ndiye aliyekuwa na nguvu, huko na huku.

Lakini kujua bei ya kuchapa sahani hakutoshi, na hapa ndipo wengi wanaosimulia habari za indie wanapopita haraka mno. Mtu akishachapa nakala 1,000 anazipeleka wapi? Uingereza ya wakati huo kampuni kama EMI ilikuwa na studio, kiwanda, magari, na hata maduka ya rejareja. Bendi yenye maboksi ya santuri sebuleni kwa mama ilikuwa imekwama pale pale sebuleni.

Jibu lilitoka nyuma ya kaunta ya duka. Mwaka 1976 Geoff Travis alifungua duka la santuri magharibi mwa London, karibu na Ladbroke Grove, akaliita Rough Trade. Mtaa ule ulikuwa na Wakaribi wengi, na duka liliuza rege pamoja na panki, ile roki ghafi ya vijana. Naomba msomaji alishike hilo la rege. Wajamaika walikuwa tayari wanaendesha biashara ya lebo ndogondogo: mtu ana studio, anachapa santuri chache, anazibeba kwenye gari kuzizungusha madukani. Vijana wa panki walioingia pale Rough Trade waliukuta mfumo huo ukifanya kazi mbele ya macho yao, na lebo ya Rough Trade ilipoanza mwaka 1978, miongoni mwa matoleo yake ya awali kabisa lilikuwemo la Augustus Pablo wa Jamaika. Historia inayowapa vijana weupe wa Uingereza sifa yote ya uvumbuzi huu inakosa adabu kwa Kingston.

Bendi zilikuja na maboksi yao, duka likachukua nakala kumi, hamsini, mia. Daniel Miller alirekodi nyimbo mbili nyumbani kwa kinanda cha sintesaiza na rekoda ya njia nne za sauti, akaenda nazo pale dukani, na hapo ndipo ilipoanzia lebo ya Mute. Kwenye jalada aliweka anwani ya nyumba ya mama yake, basi posta ikaanza kumletea mama kanda za watu asiowajua kutoka kila upande. Maduka ya miji mingine yakajiunga: Red Rhino wa York, Revolver wa Bristol, Probe wa Liverpool, Backs wa Norwich, na wengine wa Edinburgh na Leamington Spa. Wakaungana katika mtandao ulioitwa Cartel, kila duka likilisha eneo lake. Santuri iliyotengenezwa Glasgow sasa iliweza kufika Norwich bila kupita mlango wa kampuni kubwa hata moja. Na Rough Trade haikununua masta kwa fedha ya mkupuo. Mkataba wake ulikuwa wa kugawana faida nusu kwa nusu baada ya gharama kurudi. Albamu yao ya kwanza, ya Stiff Little Fingers kutoka Belfast mwaka 1979, iliuza zaidi ya nakala 100,000, na hapo hata wakubwa wakageuza shingo.

Januari 1980 jarida la biashara ya muziki likaanza kuchapisha chati ya santuri za lebo huru. Kigezo kilikuwa kimoja: santuri isambazwe nje ya mikono ya makampuni makubwa. Mlio haukuulizwa kabisa. Ndiyo maana miaka ya 1980 chati ya indie iliwahi kuongozwa na Kylie Minogue, mwimbaji wa pop. Lebo yake, PWL, ilisambazwa na kampuni huru, basi akahesabika sawa na bendi yoyote ya vyumba vya chini. Mashabiki wengi wa magitaa walikereka, ila kwa sheria ya mchezo Kylie alistahili. Bendi ya Depeche Mode, iliyotegemea sintesaiza kuliko gitaa, walikuwa indie kwa sababu walikuwa Mute. Mwaka 1987 lebo ya 4AD, inayokumbukwa kwa muziki wa ukungu na mwangwi, ilifika namba moja ya chati kuu ya Uingereza kwa wimbo wa M/A/R/R/S uliokatwakatwa kutoka vipande vya sahani za watu wengine, muziki wa disko mtupu. Nao ulikuwa indie.

Je, basi hakukuwa na tabia yoyote ya pamoja katika muziki wenyewe? Ilikuwepo. Ila ilitokana na mazingira ya kazi. Ukiwa na saa 14 za studio hupati muda wa kusafisha kila kosa, kwa hiyo kosa linabaki, na msikilizaji anajifunza kulipenda. Ukiwa huna mzee wa kampuni anayekuambia redio ya Marekani inataka nini, unaimba kwa lafudhi ya kwenu. Mtu wa Glasgow akasikika Mglasgow, wa Manchester akasikika wa Manchester. Ukiwa hujasomea ala, unapanga nyimbo kwa njia ambayo aliyesoma asingeithubutu. The Raincoats, wanawake wa London, walipiga violini na ngoma kana kwamba kila mmoja anaianza sentensi na mwenzake anaimalizia, na usipozoea unaweza kudhani wimbo unataka kuanguka. Hauanguki. Young Marble Giants wa Cardiff hawakuwa na mpiga ngoma. Walitumia mashine ya ngoma iliyoundwa nyumbani na ndugu wa familia, na albamu yao ya 1980 waliirekodi kwa siku chache tu. Sikilizeni ile kimya iliyomo ndani. Gitaa linagusa, linaacha, besi inatembea peke yake, yule dada anaimba bila kupandisha sauti kama mtu anayeosha vyombo na kujiimbia. Fedha nyingi zingeuharibu muziki huo, kwa sababu mtu mwenye fedha angejaza pale palipoachwa wazi.

Nayasema haya kwa uangalifu, maana sitaki kuusifia umaskini. Kuna watu hupenda sana kumwambia msanii maskini kwamba shida ndiyo inayompa ladha. Shida haimpi mtu kitu. Vijana wa Manchester walikuwa na posho ya serikali kwa wasio na kazi, vyuo vya sanaa visivyolipiwa ada, na redio ya taifa ambayo mtangazaji wake John Peel aliamua usiku kwa usiku kupiga santuri zilizokuja kwa posta kutoka kwa watu asiowajua. Alikaa BBC Radio 1 tangu 1967 hadi alipofariki 2004. Bila redio ya umma yenye mtu mmoja mwenye masikio na ruhusa ya kuyatumia, maboksi mengi yangebaki chini ya vitanda. Kujitegemea kwao kulisimama juu ya vitu vya umma. Kizazi chetu kilichokariri Azimio la Arusha la 1967 kinalielewa hilo haraka: kujitegemea hakukuwa kuachwa peke yako.

Kiwanda cha ndoto kubwa kuliko vyote kilikuwa Factory ya Manchester, iliyoanzishwa 1978. Nimeisoma habari yake nikiwa nafurahi na kuumia kwa wakati mmoja. Tony Wilson, mtangazaji wa televisheni na mmoja wa waanzilishi wake, aliandikiana na bendi ya Joy Division karatasi yenye maneno machache: wanamuziki wanamiliki kila kitu, kampuni haimiliki kitu, na bendi ina uhuru wa kuondoka. Inasemekana aliisaini kwa damu yake. Mwaka 1983, New Order, yaani bendi iliyobaki baada ya Joy Division, ilitoa Blue Monday kwenye santuri ya inchi 12 ndani ya jalada la kukatwa matundu mfano wa diski laini za kompyuta, kazi ya mchoraji Peter Saville. Lilikuwa ghali kiasi kwamba wenyewe walisimulia kuwa kila nakala iliyouzwa mwanzoni iliwatia hasara, nayo ikauzwa kuliko santuri yoyote ya ukubwa huo. Mwaka 1992 Factory ilikuwa imezama katika madeni, na kampuni ya London Records ikaja kuinunua. Ndipo karatasi ile ikatolewa. Mnunuzi akasoma na kukuta hakuna cha kununua: nyimbo ni za bendi. Mauzo yakavunjika, Factory ikafilisika Novemba mwaka huo. Wapo wanaoisimulia habari hii kama mfano wa ujinga wa biashara. Mimi naiona tofauti. Factory ilikufa, lakini ilikufa bila kuwauza watu wake. Ni mara ngapi umesikia kampuni ikifilisika na mwanamuziki akatoka na nyimbo zake mkononi?

Rough Trade nayo ilianguka kwa upande wa usambazaji mwaka 1991, na hapo maumivu yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu msambazaji akianguka huanguka na fedha za wote aliowauzia. Lebo ndogo ambazo hazikuwa na kosa lolote zilijikuta zinadai fedha za santuri zilizokwisha kuuzwa. Ule mtandao ndio uliokuwa moyo wenyewe, na ulipokatika neno indie likabaki likielea, likitafuta mahali pa kutua.

Lilikuwa limeshaanza kutua kwenye mlio. Mwaka 1986 jarida la NME lilitoa kanda ya nyimbo 22 za bendi za lebo huru, ikaitwa C86. Bendi zile hazikufanana zote, ila za magitaa mepesi na sauti za kitoto ndizo zilizoshika akili za watu, na kuanzia hapo mtu aliweza kusema "wana mlio wa indie". Mara tu sentensi hiyo ilipowezekana, kampuni kubwa iliweza kuununua mlio na kuacha mengine. Makampuni yakaanzisha lebo zao zenye sura ya udogo, yakazipitisha kwa wasambazaji huru ili ziingie kwenye chati. Kampuni kubwa ya Sony ilichukua asilimia 49 ya lebo ya Creation mwaka 1992, na miaka miwili baadaye bendi ya Oasis wakatoka humo kuujaza ulimwengu. Marekani, bendi ya Nirvana walirekodi albamu yao ya kwanza ya 1989 kwa lebo ya Sub Pop kwa dola 606.17, kisha mwaka 1991 ya pili ikatoka kwa kampuni kubwa na kubadilisha redio za nchi nzima. Siwalaumu wanamuziki walioondoka, maana kodi ya nyumba hailipwi kwa heshima ya mtaani. Ila kulikuwa na walioweza kubaki. Dischord ya Washington, iliyoanza 1980, ilikuwa inachapa bei ya kununulia kwa posta kwenye majalada yake ili muuzaji asimpandishie mteja, na haijawahi kuuzwa kwa mkubwa yeyote.

Kuna kikao kimoja kinachotuhusu moja kwa moja. Tarehe 29 Juni 1987, katika baa ya Empress of Russia jijini London, walikutana watu wa lebo huru zilizokuwa zikitoa muziki wa Afrika, Asia na kwingineko. Shida yao ilikuwa ya rafu za dukani: mwenye duka akiletewa santuri ya Kiafrika hajui aiweke wapi, basi haiweki. Wakakubaliana jina moja la kuandika kwenye kibao cha rafu, "muziki wa dunia". Miongoni mwa walioshiriki harakati hizo walikuwa watu wa lebo ya GlobeStyle, ambao 1988 waliwarekodi wanataarabu wa Zanzibar na kuwafikisha masikioni mwa Ulaya. Nawashukuru kwa hilo kwa moyo mkunjufu. Lakini tazama kilichotokea. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905, chenye violini, ganuni na mashairi ya mafumbo, kiliwekwa rafu moja na ngoma za pande zote za ulimwengu, kwa sababu tu hakiimbi Kiingereza. Kibao cha dukani kikageuka kuwa aina ya muziki, na aina ya muziki ikageuka kuwa ukuta. Watu wale wale wa lebo huru, kwa nia njema, walitufanyia sisi kile ambacho neno indie lilikuja kuwafanyia wao wenyewe.

Kwa haki, kama kuna watu wa Afrika Mashariki waliostahili kuitwa indie miaka ile, ni wenye maduka ya River Road, Nairobi, waliokuwa wakiuza santuri mbele na kuendesha lebo zao nyuma ya kaunta, wakichapa singo za Kikuyu, Kijaluo na Kikamba kwa wateja waliowafahamu kwa sura. Hakuna aliyewaweka rafu hiyo.

Sasa tuje kwa kijana wa leo. Ana kompyuta, ana maikrofoni, anapakia wimbo usiku na asubuhi unasikika Muscat na Minneapolis. Anajiita msanii huru na ana haki ya kujiita. Lakini barabara anayopita ni ya nani? The Orchard, kampuni iliyoanzishwa New York 1997 kusambaza muziki wa lebo huru mtandaoni, tangu 2015 ni mali ya Sony yote kabisa. Kwa kigezo cha 1980 kila kinachopita humo kingetolewa kwenye chati. Ila kigezo chenyewe kilibadilishwa mwaka 2009: siku hizi hawaulizi nani kasambaza, wanauliza kama angalau nusu ya lebo iko nje ya makampuni makubwa. Naelewa kwa nini walibadilisha. Magari karibu yote yalikuwa yameshanunuliwa. Hata hivyo badiliko lile linakiri jambo ambalo wengi hawalisemi, kwamba vita vya barabara vilishindwa.

Ndiyo maana singeli inanipa tumaini kuliko vingi ninavyovisikia. Vijana wa Dar es Salaam, kwa kompyuta za kawaida, waliendesha midundo hadi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, kasi ambayo prodyuza wa studio kubwa angeizima kabla ya ubeti wa pili. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso zilikusanywa na kutolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala. Muziki haukuondoka Uswahilini ukiwa umelainishwa ili mgeni auelewe. Ulitoka na vumbi lake, kwa lebo ya jirani. Ningependa kuona hatua inayofuata: mtu wa singeli aandike kwenye jalada lake studio ilikuwa shilingi ngapi, kuchanganya shilingi ngapi, wakala wa mtandaoni anakata asilimia ngapi, na majukwaa yamelipa kiasi gani kwa kusikilizwa mara ngapi. Prodyuza wa Mbagala angeisoma usiku huo huo na kujua kama anapunjwa.

Spiral Scratch ilitolewa tena Januari 2017, miaka 40 kamili tangu ile siku ya kwanza, na Domino, lebo huru ya London. Nyimbo nne zile zile, na jalada lile lile la vijana wanne kwenye sanamu, lenye maelezo ya jaribio la ngapi. Nyimbo zetu nane za Sinza, mimi na wenzangu wawili tumezitafuta kwa miaka. Mmoja wetu ana kanda moja iliyokwaruza upande B. Masta iko kwenye boksi la mtu mwingine, kama bado ipo.